Kasese na Bwera: Damu ya kijana ikisema ukweli wa pombe, nani ausikie?

Chukua mfano wa kijana wa miaka 19 anayeingia katika kituo cha afya mjini Bwera, kilomita chache kutoka mpaka wa Mpondwe. Ameanguka na bodaboda, ana jeraha mguuni. Sista anamsafisha, kisha anamwuliza: "Mwanangu, pombe unakunywa?" Kijana anaangalia chini. "Hapana, sista." Akibanwa kidogo anaongeza: "Labda siku za sikukuu." Sista anaandika "hanywi" kwenye kitabu, kijana anakwenda zake. Wote wawili wanajua kwamba kilichoandikwa si kweli, na mwisho wa mwezi maandishi hayo yanakuwa takwimu.

Mazungumzo ya namna hii hayako Bwera peke yake. Yanafanyika Mwanza, Bungoma, Goma na Kigali. Kote huko watafiti na wahudumu wa afya wamekuwa wakitegemea maneno ya mnywaji ili kujua anakunywa kiasi gani. Sasa kuna kipimo cha damu ambacho hakihitaji maneno hayo. Kimekwisha kutumika Uganda na Tanzania katika utafiti, na swali la kukitumia kwa vijana linazidi kusogea karibu.

Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho ni cha kweli na kinafaa. Lakini katika wilaya kama Kasese thamani yake itaamuliwa na jambo ambalo haliko maabara: nani anapewa jibu, na anafanya nalo nini. Jibu likifika kwa mhudumu anayeweza kumsaidia kijana, ni dawa. Likifika kwa mwalimu mkuu mwenye orodha ya kufukuza, ni adhabu, na baada ya hapo hakuna kijana atakayetoa tena kidole chake kitobolewe.

Kipimo chenyewe ni kipi

Kinaitwa PEth, kifupi cha fosfatidilethanoli. Mtu anapokunywa kinywaji chenye kilevi, kimeng'enya kilichomo mwilini huunganisha ethanoli, yaani kilevi chenyewe, na mafuta yaliyo katika utando wa seli za damu, hasa seli nyekundu. Kinachozaliwa hapo ndicho PEth. Bila ethanoli hakitengenezwi, kwa hiyo kikionekana kwa wingi hakuna sababu nyingine ya kutafuta isipokuwa pombe, au mara chache sana damu aliyoongezewa mgonjwa kutoka kwa mnywaji.

Kiwango cha PEth hupungua kwa nusu katika muda wa takriban siku 4 hadi 10. Kwa hiyo alama yake hubaki katika damu wiki 2 hadi 4 baada ya kinywaji cha mwisho, na kwa mnywaji mkubwa hata zaidi. Hapo ndipo kinapovipita vipimo vingine. Kipimo cha pumzi, kile ambacho askari wa barabarani hutumia, huona pombe ya saa chache tu. Kipimo cha mkojo huona ya siku mbili tatu. Vimeng'enya vya ini, ambavyo hospitali nyingi zinaweza kuvipima, hupanda pia kwa homa ya ini au kwa dawa fulani.

Kwa vijana kuna sababu ya ziada. Ini la kijana wa miaka 18 bado lina nguvu, na madhara yake huchukua miaka kujitokeza. Kijana anaweza kulewa kila mwisho wa wiki na vipimo vya ini vikaonyesha kwamba yu mzima kabisa. PEth haingoji ini liharibike, kwa sababu inapima alama ya pombe yenyewe.

Mwaka 2022 wataalamu waliokutana Basel, Uswisi, walikubaliana juu ya namna ya kusoma majibu. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita, mtu hanywi au anakunywa kidogo sana. Kuanzia 200, unywaji umepindukia. Katikati ya hapo kuna eneo pana linalohitaji mazungumzo na mpimwaji. Watafiti wengi waliofanya kazi Uganda wametumia kiwango cha 50 kama mstari wa kuanza kuwa na wasiwasi.

Yaliyokwisha kuonekana kwetu

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamekuwa wakitumia PEth katika utafiti wa pombe na Ukimwi kusini magharibi mwa Uganda. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Dk Winnie Muyindike wa Mbarara na Profesa Judith Hahn wa San Francisco. Mbarara ni jirani wa Kasese kwa mapito ya nchi hii. Walichokiona ni kile ambacho sista wa Bwera anakijua bila mashine: wapo wagonjwa waliosema hawajanywa, na damu yao ikasema wamekunywa.

Hao hawakuwa watu wabaya. Mgonjwa anayeanza dawa za kupunguza makali ya VVU huambiwa aache pombe. Akikiri kwamba hajaacha, anaogopa kukaripiwa au kucheleweshewa dawa. Hivyo anajifunza kusema lile linalomfungulia mlango. Tatizo ni kwamba mwongo huo mdogo unaweza kumdhuru. Dawa ya kuzuia kifua kikuu inayoitwa isoniazidi huweza kuumiza ini, na pombe nyingi huzidisha hatari hiyo. Daktari asiyejua hawezi kuchukua tahadhari.

Upande wa Tanzania, Joel Francis na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti uliolinganisha majibu ya vijana wa miaka 15 hadi 24 wa mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza na PEth katika damu yao. Huo ni miongoni mwa utafiti wa mwanzo katika eneo letu uliowalenga vijana hasa. Huko Uganda vijana wa visiwa vya uvuvi katika Ziwa Victoria nao wamepimwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayeuliza kama kipimo hiki kinaweza kufanya kazi kwa kijana wa Afrika Mashariki anauliza jambo ambalo limekwisha kujaribiwa.

Kwa nini dodoso halitoshi Kasese

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, AUDIT, linalotumika dunia nzima. Swali moja humtaka mtu aseme anakunywa vipimo vingapi kwa siku. Kwa anayekunywa bia ya chupa, hesabu ni rahisi. Lakini katika vijiji vya milima ya Rwenzori na katika miji ya njiani, kijana hanywi kwa vipimo. Tonto ya ndizi hunywewa kwa pamoja, kibuyu au kikombe kikizunguka. Waragi hutoka kwenye dumu la plastiki na kumiminwa kwenye glasi ndogo, na hakuna anayejua nguvu yake, hata aliyeipika.

Tena wilaya hii ina jina lake katika historia ya kinywaji hicho. Ukitaja "kasese" katika baa ndogo za Kampala, muuzaji hatafikiria mji wala mlima. Atafikiria waragi kali ya kienyeji inayoitwa hivyo. Si jambo dogo kwa kijana kukua mahali ambapo jina la nyumbani kwao ni jina la pombe.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 ziliweka Uganda kwenye lita 9.5 za kilevi halisi kwa kila mtu wa miaka 15 na zaidi, Tanzania 9.4, Rwanda 9.0, Burundi 7.5 na Kenya 3.4. Katika namba hizo, pombe isiyopita kiwandani wala kwenye vitabu vya kodi hukadiriwa tu. Na ndiyo hasa pombe anayokunywa kijana asiye na fedha. Kwa maana hiyo, hata serikali inayotaka kutunga sera nzuri inapiga hesabu gizani. Kupima damu ya sampuli ya vijana waliokubali, bila majina, kungeipa wilaya namba ya kwanza isiyotegemea aibu ya mtu wala kumbukumbu ya mlevi.

Kisichoonekana kwenye damu

Ni muhimu pia kusema kipimo hiki hakiwezi nini, maana teknolojia mpya huja na wapiga debe wengi.

PEth haisemi kama kijana ni mraibu. Inasema kiasi alichokunywa katika wiki zilizopita. Mwenye kiwango cha 250 anaweza kuwa mraibu, au kijana aliyetoka kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Miili nayo inatofautiana: wawili wakinywa sawasawa wanaweza kupata majibu tofauti, na upungufu wa damu, jambo la kawaida katika maeneo ya malaria, unaweza kushusha kiwango. Kijana aliyelewa sana usiku mmoja tu wiki tatu zilizopita anaweza kuonekana safi.

Halafu PEth huiona ethanoli peke yake. Aprili 2010 watu takriban 80 walikufa Uganda, wengi wao Kabale, kwa kunywa waragi iliyochanganyika na methanoli, sumu ambayo humpofusha mtu kabla ya kumwua. Kipimo hiki kisingewaambia lolote kuhusu sumu hiyo. Anayetaka kuwalinda vijana dhidi ya pombe ya aina hiyo inambidi apime dumu, si damu.

Na kuna gharama. PEth husomwa kwa mashine kubwa ambayo hospitali ya wilaya haina, na ambayo huhitaji fundi aliyefunzwa. Sampuli za utafiti wa Mbarara zimekuwa zikisafirishwa hadi Marekani. Kijana wa Bwera hawezi kungoja jibu lake lirudi kutoka ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo sehemu ngumu zaidi ya kazi imekwisha kujengwa. PEth inaweza kupimwa kwa matone machache ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi maalumu. Ndiyo njia ile ile ambayo Uganda hutumia kuwapima VVU watoto wachanga: kisigino kinatobolewa, karatasi inakaushwa, pikipiki inaichukua kutoka kituo cha afya hadi kituo kikubwa, na kutoka hapo inakwenda maabara kuu Kampala. Njia ya karatasi ipo. Inayokosekana ni mashine mwisho wa njia.

Bwera inajua maana ya kutolewa damu

Juni 2019 Hospitali ya Bwera ilitajwa dunia nzima. Mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola, akafariki humo. Bibi yake akamfuata. Sampuli zilipelekwa Entebbe na majibu yakarudi upesi. Ugonjwa haukusambaa Uganda mwaka ule, na sifa kubwa ni ya wahudumu wa hospitali hiyo pamoja na watu wa mpakani waliokubali kupimwa joto, kunawa na kutaja jamaa zao waliowagusa.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba umbali si kisingizio. Serikali ikiona jambo ni la haraka, damu ya Bwera husafiri. La pili ni kwamba watu wa hapa wanajua damu ikichukuliwa, kuna mtu anaweza kuwekwa kando. Wamejifunza hivyo kwa Ebola, na kabla yake kwa VVU.

Ongeza na majeraha ya wilaya yenyewe. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe. Novemba 2016 damu nyingi ilimwagika mjini Kasese katika mapambano ya vyombo vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu. Mei 2020 mafuriko ya mto Nyamwamba yaliibomoa hospitali ya Kilembe. Juni 2023 waasi waliwaua wanafunzi wakiwa bwenini katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na jumla ya waliokufa usiku ule ilizidi 40. Migodi ya shaba ya Kilembe iliyowahi kuajiri maelfu ilikwisha kufungwa kabla wazazi wa vijana wa leo hawajaoana. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba matukio haya ndiyo yanayowapeleka vijana kwenye waragi. Lakini mtu anayetaka kuwapima vijana wa Kasese bila kuyajua atakuwa anapima watu asiowafahamu.

Hatari ya orodha

Kipimo kikishapatikana kwa bei nafuu, ni rahisi kutabiri nani watakitaka. Shule ya bweni itataka kuwapima wanafunzi siku ya kufungua muhula. Chama cha bodaboda kitaambiwa kiwapime wanachama kabla ya kuwapa mkopo wa pikipiki. Mzazi atamleta binti yake kwa nguvu. Kila mmoja atasema anafanya hivyo kwa wema.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi na faragha ya taarifa binafsi inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zisizokusanywa ovyo. Hiyo ni kinga nzuri kwenye karatasi. Lakini sheria hiyo haikumwandikia mwalimu wa Bwera mwongozo wa nini afanye na jibu la PEth la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika upimaji wa VVU tulijifunza kwa miaka mingi, na kwa maumivu, kwamba kupima kunatanguliwa na ushauri nasaha, ridhaa na siri. Hakuna sababu ya kuanza upya kwa makosa yale yale.

Jambo jingine ni msaada baada ya jibu. Hospitali ya taifa ya afya ya akili yenye huduma kwa waraibu wa pombe iko Butabika, Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Fort Portal. Kijana wa Bwera mwenye kiwango cha 400 akiambiwa "wewe una tatizo, nenda Kampala", ameambiwa arudi alikotoka. Kanuni ya udaktari ni ya zamani: usitafute ugonjwa kwa watu ambao huna la kuwapa ukishaupata.

Aliyeuza haonekani

Kuna upungufu mmoja ambao wanasiasa wangependa tusiutaje. Damu ya kijana inaonyesha aliyekunywa. Haimwonyeshi aliyemuuzia akiwa na miaka 15, wala aliyepika, wala aliyepitisha madumu usiku bila ushuru. Tukitumia nguvu zote kumpima kijana, tutapata majina mengi ya wanywaji na hatutapata hata jina moja la mfanyabiashara.

Katika miaka ya 1960 Uganda ilitunga Sheria ya Enguli, iliyomtaka mpikaji wa pombe kali ya kienyeji awe na leseni. Tangu Juni 2019 imepiga marufuku pombe kali kwenye pakiti ndogo za plastiki, zile ambazo mwanafunzi angeweza kuficha ndani ya soksi. Tanzania ilikwisha kuvipiga marufuku viroba Machi 2017. Lakini mwaka 2024 Bunge la Uganda liliukataa muswada wa mbunge Sarah Opendi uliotaka, pamoja na mengine, kubana saa za kuuza pombe.

Kwa Bwera kuna tatizo jingine tena. Mpaka hapa ni mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Watu ni wamoja: Wakonzo upande huu, Wanande upande ule, wanaelewana kwa lugha zao na kwa Kiswahili, na wana ndugu pande zote. Chochote ambacho Kampala inakataza peke yake, mto unaweza kukirudisha. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kama Jumuiya inaweza kujadili ushuru wa saruji na mchele, inaweza pia kukubaliana juu ya ukubwa wa chupa ya pombe kali na umri wa mnunuzi.

Nini kifanyike

Kwanza, kipimo kianze kwa kuhesabu, si kwa kumshika mtu. Wilaya ya Kasese na majirani zake wa Kongo wachukue sampuli ya vijana waliokubali, bila majina, mijini, kwenye vijiji vya wavuvi vya Ziwa George na Ziwa Edward, na mlimani. Irudiwe baada ya miaka miwili, ili ijulikane kama sheria zinafanya kazi.

Pili, katika matibabu kipimo kitumike pale ambapo jibu linabadilisha dawa: kwa anayeanza kinga ya kifua kikuu, kwa mjamzito, kwa majeruhi wa mara kwa mara. Jibu libaki kati ya kijana na mhudumu wake. Shule, polisi na waajiri wasipewe.

Tatu, Jumuiya ijenge uwezo wa pamoja. Mwaka 2020 iligawa maabara tembezi 9 kwa nchi wanachama kwa ajili ya magonjwa ya mlipuko. Mashine moja ya PEth katika kanda, Mbarara kwa mfano, inaweza kusoma karatasi za Bwera, Beni, Bukoba na Kigali bila kupanda ndege kwenda Marekani.

Nne, kabla ya karatasi ya kwanza kukaushwa, kila kituo kikubwa cha afya kiwe na angalau mhudumu mmoja aliyefunzwa kuzungumza na kijana juu ya pombe. Ushauri mfupi, wa dakika chache na bila karipio, ni miongoni mwa hatua ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza, na hauhitaji mashine yoyote.

Turudi kwa kijana wetu mwenye jeraha. Siku moja sista ataweza kumwambia: "Mwanangu, kuna kipimo. Ukikubali, jibu ni letu wawili." Akikubali, itakuwa ni kwa sababu ameona kwamba waliomtangulia walisaidiwa na hawakutangazwa. Sifa hiyo ya kituo haiji na shehena ya mashine. Itabidi Kasese na Bwera waanze kuijenga sasa, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.